Mkono Uliochora Mlango wa Mélanie

Émérence alikuwa mwalimu wa watoto wadogo pale Shituru, mjini Likasi, katika shule ya chekechea ya kambi ya wafanyakazi, na kila mtu alimwita Mama Monitrice, yaani Mama Mwalimu, hata wazee waliomzidi umri. Nyumba yake na yetu zilikuwa zimeungana ukuta. Kwa hiyo haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine aliniambia mwenyewe tukichambua majani ya sombe barazani, na mengine niliyasikia kupitia ukuta ule, maana nyumba za kambi hazijui kutunza siri.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye udongo chini ya kucha siku zote. Mama yake alikuwa mwanamke wa upande wa Kamatanda, na kila kiangazi alipaka nyumba yao udongo mweupe, kisha akachora juu yake kwa udongo mwekundu: mistari, macho, magamba ya samaki. Émérence alipopelekwa shule ya misheni akachora magamba yale yale kwenye ukuta wa kanisa. Alichapwa. Lakini sista mmoja mzee alimwita pembeni akampa makaa na karatasi ya mfuko wa saruji, akamwambia akimaliza aje kuchukua nyingine. Émérence aliniambia kwamba isingekuwa sista yule, angeishi maisha yake yote akiamini kwamba mikono yake ina dhambi.

Ndiyo maana darasa lake lilikuwa tofauti. Madarasa mengine watoto waliimba alfabeti wakiwa wamefunga mikono kifuani. Kwake kulikuwa na ndoo za udongo, nyaya za shaba zilizotupwa na kiwanda, vitambaa, na mavumbi ya kijani ya malakiti, jiwe la shaba, yaliyokorogwa na uji yakawa rangi. Alitusumbua sisi wazazi pia. "Mama Amisa, weye unafanyaka nini na mikono yako, zaidi ya kupika?" Mimi nilicheka. Mume wangu Idi alikuwa dereva wa lori, nyumba ilikuwa na watoto; nani alikuwa na nafasi ya kuchora samaki?

Mwanafunzi aliyempenda kuliko wote alikuwa Samy. Kisa cha Samy tulikisikia mpaka tukakikariri. Akiwa na miaka mitano alichora gari la moshi, na karatasi ilipokwisha hakuacha: aliendelea kwenye meza, akashuka kwenye mguu wa meza, akapita sakafuni hadi ukutani. Mwalimu mwenzake alitaka kumchapa. Émérence akamfungulia mtoto mlango, akampa chaki nyingine, akamwambia, "Endelea, gari yako haiyafika." Gari lile la moshi lilifika hadi kwenye bomba la maji uani. Baadaye, hata Samy alipokuwa ameshahamia shule ya wakubwa, alikuwa akirudi alasiri, na Émérence akamfundisha kushika burashi, kupima rangi, kuzungusha duara bila kifaa. Herufi zake zilikuwa na mkia uliojikunja mwishoni, kama mkia wa kinyonga. Alipofikisha miaka ishirini, maduka na baa zote za barabara kuu zilikuwa na mkia ule juu ya milango yake, na Émérence akipita alikuwa akinishika mkono: "Ona. Ule ni mutoto wangu."

Upande wa pili wa nyumba yake alikaa Mélanie. Alikuwa msaidizi wake darasani: aliyewanawisha watoto mikono, aliyewafuta makamasi, aliyekausha vinyago vyao juani. Alikuwa mjane, na aliishi na binti yake Elikia, mwenye miaka sita, na mama mkwe wake ambaye wote tulimwita Kaku Orpa, yaani Bibi Orpa. Mélanie alizaliwa Likasi. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai, zamani za Wabelgiji, kuja kufanya kazi ya reli. Kasai yenyewe Mélanie hakuwahi kuiona.

Kisha ukaja mwaka wa 1992. Kwanza yalikuwa maneno tu, ya redioni na ya mikutanoni: kwamba wenye asili ya Kasai warudi kwao, kwamba wametunyonya. Tulizima redio tukala bukari, ugali wetu. Hatukuamini kwamba maneno yanaweza kutoka redioni yakaingia uani kwa jirani.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane nilitoka kuteka maji nikamkuta Émérence amesimama mbele ya mlango wa Mélanie, ndoo mkononi, maji yakimwagika miguuni bila yeye kujua. Juu ya mlango kulikuwa na duara jekundu, na ndani yake msalaba. Milango mingine ya safu ile ilikuwa imechorwa hivyo hivyo, ile ya Wakasai tu. Sote tulijua maana yake. Mimi nilianza kulia. Émérence hakulia. Alinyoosha kidole akagusa rangi. Ilikuwa haijakauka vizuri. Kisha akafuata kwa kidole chake mguu wa msalaba ule mpaka chini, pale ulipojikunja, taratibu, kwa urembo, kama mkia wa kinyonga.

"Amisa," alisema. "Amisa, unaona?"

Niliona.

Aliweka ndoo chini akaenda moja kwa moja kwa Samy, nami nikamfuata kwa kuogopa atakachofanya. Tulimkuta uani kwao, anaosha burashi kwa petroli. Alisimama kwa heshima, kama zamani, akaleta kiti.

"Mama Monitrice. Keti."

"Ni weye ulichora kwa mulango ya Mélanie?"

Samy alitazama chini. "Mama, ni kazi balinipa. Minye naandikaka. Kama si minye, mwingine angeandika tu."

"Unayua nani analala mule? Mélanie! Ule mwanamuke alikunawishaka mikono tangu uko mudogo!"

"Nayua," alisema Samy. Kisha akainua uso, na ninachokumbuka hadi leo ni kwamba uso ule haukuwa wa ukatili. Ulikuwa uso wa mtoto anayeonyesha daftari lake. "Lakini Mama, uliona vile duara ilitoka muzuri? Sikutumia hata kifaa. Weye njo ulinifundisha: kitu yote muntu anafanya, aifanye muzuri."

Nilimshika Émérence kiwiko nikamrudisha nyumbani, na njia nzima alitembea kama mtu anayetembea ndani ya maji.

Alasiri ile vijana walikuja, kundi kubwa, na fimbo na mapanga. Wengine tuliwajua kwa majina. Waliwapa watu muda wa kufunga mizigo, kisha wakaacha hata kuwapa muda huo. Mélanie alitoka na godoro kichwani na Elikia akishika kanga yake. Kaku Orpa hakuweza kutembea haraka. Idi aliwasha lori. Nilimsihi asiende, nikamwambia sisi wenyewe ni wageni hapa, watu wa Kasongo, leo ni wao, kesho ni sisi. Alimbeba Kaku Orpa kama mzigo wa mahindi akampandisha mbele, akawapeleka stesheni. Lori halijapita kona tayari watu walikuwa ndani ya nyumba. Madirisha yalitoka. Mabati yalishushwa. Hata mlango wenyewe, pamoja na duara lake jekundu, mtu aliung'oa akaondoka nao kichwani, kwa sababu ulikuwa mbao nzuri. Émérence alisimama barazani kwake akiangalia yote. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akisubiri kuamka.

Siku iliyofuata alikwenda darasani. Madawati mengi yalikuwa matupu. Waliobaki aliwakuta wanacheza, wakicheka, chaki mikononi. Aliinama aone. Walikuwa wanachora maduara yenye misalaba kwenye migongo ya wenzao, na waliochorwa walikuwa wanakimbia hadi kona ya darasa, kona iliyoitwa gare, yaani stesheni. Mtoto mmoja alimkimbilia: "Mama, ona ya kwangu iko na mukia!"

Alifunga mlango wa darasa, akapeleka ufunguo kwa mkurugenzi, akaja nyumbani akalala akiwa amevaa viatu. Kupitia ukuta nilimsikia mume wake Godefroid, mtu mpole wa idara ya umeme kiwandani, akimbembeleza. "Banakuuliza kule shuleni. Batoto banakuuliza."

"Waambie nimekufa," alisema. "Ile kitu ilitoka mu mikono yangu."

Alikaa hivyo. Hakugusa udongo, hakugusa chaki. Kucha zake zikawa safi, na usafi ule ulinitisha kuliko machozi.

Aliyevunja kimya kile ni Idi. Alikuwa anapeleka maji stesheni kila alipoweza, na siku moja alirudi na ujumbe. Mélanie alikuwa anaomba kitu. Tulidhani ni unga, au dawa. Idi alijikuna kichwa. "Anaomba udongo. Anasema batoto kule habachezake tena. Elikia hasemi, tangu ile siku. Anasema: muulize Émérence kama angali na udongo."

Émérence aliketi kitandani. "Anaomba kwangu? Hayui nani alichora?"

"Anayua," alisema Idi. "Alisema aliyua siku ile ile."

Tulikwenda mimi na Émérence, ndoo za udongo kichwani. Nilikuwa nimesikia habari za stesheni, lakini kusikia si kuona. Watu walikuwa wamejaa kuanzia majukwaani mpaka juu ya njia za reli, maelfu, chini ya plastiki, chini ya mabati yaliyoinamishwa, chini ya meza za kulia chakula walizokuja nazo. Nilimwona mwalimu mkuu wa shule moja akiwa anaoga nyuma ya kabati. Nilimwona mwanamke anajifungua huku wengine wamemzungushia kanga. Walisubiri treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Lakini kilichonishtua zaidi ni ukimya wa watoto. Watoto wote wale, na hakuna hata mmoja anayekimbia.

Mélanie alikuwa amekonda. Émérence alimwendea akitaka kupiga magoti, na Mélanie akamshika mabega akamzuia. "Si sasa," alisema. "Weka udongo."

Tuliuweka kwenye plastiki. Watoto waliuangalia, hawakuusogelea. Émérence alisubiri, hakuwahimiza. Mkono uliotangulia kutoka haukuwa wa mtoto. Ulikuwa wa Kaku Orpa, mkono mkavu wenye mishipa kama kamba. Alikata kipande, akakinusa, akakisugua kati ya vidole, akatema pembeni.

"Hii udongo iko na muchanga mingi," alisema kwa dharau.

Mélanie alishangaa. Miaka yote waliyoishi nyumba moja hakujua kwamba mama mkwe wake aliwahi kufinyanga. Kaku Orpa alikuwa ameacha alipofika Likasi akiwa bibi harusi, kwa sababu kampuni ilikuwa inauza masufuria, na mwanamke aliyefinyanga chungu alichekwa kuwa ni wa porini. Sasa aliviringisha udongo ukawa kamba ndefu, akaizungusha, akaizungusha tena, akapandisha ukuta wa chungu bila hata kuutazama, akiongea na sisi mambo mengine. Vidole vyake vilikumbuka kila kitu. Watoto walisogea. Mmoja aliiba kipande. Kisha mwingine.

Elikia alichukua cha kwake akakaa ametugeuzia mgongo. Alikisawazisha kikawa bapa, akakata pembe nne, akatafuta msumari. Émérence aliinama juu ya bega lake, kama alivyofanya darasani maisha yake yote, na nikamwona akijiziba mdomo. Mtoto alikuwa amechora duara. Ndani yake msalaba. Chini, polepole, alikuwa anakunja mkia.

Elikia aliuangalia mlango ule mdogo. Akauweka chini, akasimama, akaukanyaga kwa kisigino mpaka ukawa si kitu. Halafu akanyoosha mkono kwa Émérence.

"Nipe ingine," alisema.

Mélanie alipiga kelele kama mtu aliyeungua. Hilo lilikuwa neno la kwanza la mtoto tangu walipofukuzwa.

Tulirudi mara nyingi baada ya pale. Wanaume waliokuwa wamekaa tu, mikono mapajani, walianza kuchonga mbao za masanduku: kete za bao, vijiko, fimbo. Fundi mmoja wa reli alitengeneza ngoma kwa pipa la rangi. Siku moja Kaku Orpa, akiwa analainisha mdomo wa chungu, alimuuliza Émérence, "Na weye? Weye unatengenezaka nini?"

"Minye, Kaku, nafundishaka."

"Sikukuuliza vile."

Émérence aliniambia jioni, tukirudi, kwamba alijipekua tangu utotoni na hakupata kitu. Tangu karatasi ya saruji ya sista, hakuwahi kumaliza kitu chake mwenyewe hata kimoja. Alikuwa amewapa wengine wote. Alisema hivyo kwa mshangao, kama mtu aliyegundua amevaa nguo ya mwingine.

Safari iliyofuata alikaa chini, akachukua udongo, akafanya kazi bila kusema na mtu. Kilitoka kichwa cha mtoto. Mashavu, pengo la meno, nywele zilizokatwa vibaya. Nikakitambua: alikuwa Samy, Samy wa miaka mitano. Mbele ya watu wote wale aliowachorea milango! Nilitaka kukifunika kwa kanga. Lakini Mélanie alikuwa ameshakiona. Aliinuka, akaenda zake kati ya mahema. Émérence alibaki na mikono hewani. Hakukivunja, wala hakukimaliza.

Mélanie alirudi jua likiwa limeshuka. Alichuchumaa mbele ya kichwa kile, akakitazama kwa muda mrefu.

"Masikio yake ilikuwaka mikubwa kupita vile," alisema.

Akakata udongo, akaongeza mwenyewe, sikio la kulia, kisha la kushoto. Mimi nilitazama reli, maana sikujua mahali pengine pa kuweka macho.

Mvua ilikuja na surua. Watoto waliokuwa wakifinyanga jana, leo walikuwa wanazikwa. Sitaki kusema mengi juu ya miezi ile. Treni ilipofika hatimaye, watu walipanda mabehewa ya mizigo yasiyo na paa, wakipitishiana watoto na magodoro. Mélanie alimkumbatia Émérence, akanikumbatia mimi, na treni ikaondoka taratibu sana, kana kwamba nayo haikuamini. Mfanyakazi wa reli alituletea habari baada ya wiki kadhaa. Mélanie na Elikia walifika Mwene-Ditu, huko Kasai. Kaku Orpa hakufika. Alifia ndani ya behewa baada ya kupita Kamina, na walimzika kando ya reli wakati treni imesimama kusubiri mafuta.

Kiwanda kikazidi kunyamaza. Mishahara ikawa hadithi, shule ya kambi ikafungwa, wanaume wakaanza kwenda kuchimba madini kwa mikono. Ndipo Émérence akafungua darasa uani kwake, chini ya mabati yaliyoegemezwa ukutani. Watoto walikuja kwanza. Lakini safari hii hakuwaruhusu mama zao waondoke. "Weye pia. Keti." Mimi nilikaa nikiona haya, mwanamke wa miaka arobaini kasoro, na siku ile nilitarizi ndege mwenye shingo ndefu ambaye sikujua ametoka wapi ndani yangu. Idi aliuona mtarizo ule akauliza nani ameutengeneza. Nilipomwambia, aliukagua mbele na nyuma, kama mtu anayekagua noti. Godefroid, aliyetucheka miezi mizima, alianza kusuka nyaya za shaba zikawa panzi na nyenje. Wakaja wastaafu wenye mikono inayotetemeka. Émérence hakumfukuza mtu. Na sasa alikuwa na kona yake mwenyewe, ambapo alifinyanga vichwa, kimoja baada ya kingine, vya watoto wa madawati yale matupu.

Samy alikuja mwaka wa 1995. Baa zilikuwa zimefungwa, hakuna aliyehitaji kuandikiwa mlango. Alikuwa amekonda, burashi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Tuliokuwa uani tukaacha kazi.

"Mama, nilikuya kuomba nafasi," alisema.

Émérence alifuta mikono polepole. "Nafasi iko. Lakini ambia kwanza hawa bantu bote kitu ulifanyaka. Kama watakubali, utaketi."

Nilidhani ataondoka. Alisimama, kijana mrefu mbele ya watoto na wazee, akasema. Alitaja milango. Alitaja majina ya waliokuwa nyuma ya milango, mmoja mmoja, na hapo ndipo tuliposhtuka, kwa sababu hakusahau hata mmoja. Alikuwa akiyabeba muda wote huo. Mama mmoja aliyefiwa na dada yake pale stesheni aliinuka, akamtemea mate miguuni, akamshika mwanawe mkono akatoka. Hakurudi tena, na Émérence hakumlaumu.

Waliobaki hawakusema ndiyo wala hapana. Msichana mdogo alisogea kidogo kwenye benchi. Émérence akachukua mfuko wa burashi kutoka mkononi mwa Samy, akauweka ndani ya nyumba, akampa udongo. Alimwambia kwamba rangi ataomba siku nyingine.

Alikaa na watoto wadogo, magoti yake yamefika kifuani. Juma lililofuata alikuja tena, na lililofuata. Kama alibadilika moyoni siwezi kuapa. Godefroid hakumsalimia mpaka mwisho. Émérence alimsahihisha kama alivyosahihisha wengine, akiinama juu ya bega lake, isipokuwa sasa, kabla ya kumsifu kwa lolote, alimuuliza kwanza: "Hii unamufanyia nani?" Na Samy ilimbidi ajibu kwa sauti, sote tukisikia.